"Sumaku Baridi" au "Jotosumaku"?

Katika baadhi ya tafsiri zilizotufikia, majokofu yapozayo bila mgandamizo wa gesi, ambayo yatarajiwa kutumia umeme kidogo, huelezwa kwa istilahi "sumaku baridi". Istilahi hii ni nyepesi kutamka, lakini yaficha nusu ya jambo.

Mwaka 1917 Weiss na Piccard walieleza kuwa nikeli hupata joto iingizwapo katika uga wa sumaku, na hupoa itolewapo. Gadolini hufanya vivyo hivyo, tena katika halijoto ya kawaida ya chumbani. Ndani ya jokofu metali hiyo huingizwa ugani, joto lake likachukuliwa na maji. Itolewapo, huwa baridi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Basi kinachopoa si sumaku, na kama joto lile la kwanza lisingeondolewa, ubaridi usingepatikana. Mwalimu atamwelezaje haya mwanafunzi aliyekwisha kariri "sumaku baridi"?

Sisi twapendelea "jotosumaku". Wako watakaotaka "sumakujoto", ili ifuatane na "sumakuumeme". Hoja yao ina uzito. Lakini katika Kiswahili neno kuu hutangulia, na tunalolitaja hapa ni joto litokanalo na sumaku, wala si sumaku yenye joto.

Kitendo chenyewe kiitwe "upozaji kwa jotosumaku". Wapiga chapa nao waangalie: kupoza kuna o moja. "Upoozaji", tuliouona katika tafsiri moja, ni habari ya maradhi ya viungo.