Sauti Inayosita: Podikasti ya Serial na Raha ya Kusikiliza

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kumwona fanani na hadhira yake wakiwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Fanani huanza, hadhira huitikia; akikosea hukosolewa, akichosha huachwa. Podikasti imeuvunja umoja huo, na hata hivyo watu wanaisikiliza kwa hamu isiyopungua ile iliyowakusanya mababu kando ya moto. Swali linalozuka ni hili: hamu hiyo inatoka wapi?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuichambua kazi moja, Serial, iliyotolewa nchini Marekani mwaka 2014 na kuwavuta kwenye podikasti watu wengi ambao hawakuwahi kusikiliza yoyote. Hoja inayotetewa ni kwamba raha ya podikasti ya aina hii haitokani hasa na kisa kinachosimuliwa, bali na kumsikia mtu akifikiri. Aidha, kisa kinapokuwa cha kweli, raha hiyo ina gharama, na mara nyingi anayeilipa si msikilizaji wala msimulizi.

2. Podikasti ni kitu gani?

Jina lilitokea katika gazeti la The Guardian la Uingereza, Februari 2004, pale mwandishi Ben Hammersley alipoliunganisha jina la chombo kidogo cha kusikilizia muziki, iPod, na neno la Kiingereza lenye maana ya kutangaza. Kampuni ya Apple ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaacha kutengeneza iPod. Chombo kimetoweka, jina limebaki, na Kiswahili kimelitohoa: podikasti.

Kwa upande wa ufundi, podikasti ni mfululizo wa faili za sauti zilizowekwa kwenye intaneti pamoja na orodha inayosomwa na programu. Sehemu mpya inapoongezwa, programu ya msikilizaji huitambua na kumletea. Msingi wa utaratibu huo uliwekwa mwishoni mwa mwaka 2000, Dave Winer alipoiwezesha orodha ya aina ya RSS kubeba faili za sauti. Mwaka 2005 Apple iliziingiza podikasti katika programu yake ya iTunes, na tangu hapo kuzipata kukawa rahisi.

Tofauti ya podikasti na redio, basi, haimo katika sauti yenyewe. Imo katika mamlaka juu ya wakati. Wakazi wa Lubumbashi waliofuata maigizo ya kikundi cha Mufwankolo redioni iliwabidi wawepo saa ya kipindi. Aliyechelewa alisimuliwa na jirani. Podikasti humngoja msikilizaji. Husimama anapoitwa, huendelea anaporudi, hurudiwa pale ambapo hakuelewa. Tena mtungaji wake halazimiki kujaza muda uliopangwa na kituo: baadhi ya sehemu za Serial hazifiki nusu saa, nyingine hukaribia saa nzima, kwa kadiri jambo lenyewe linavyodai.

Uhuru huo unaeleza kwa nini podikasti husikilizwa wakati wa kufua, kupika au kusafiri, mikono ikiwa na kazi na akili ikiwa na nafasi. Lakini hauelezi kwa nini mtu aliyekwisha kumaliza kufua aendelee kusimama penye kamba ya nguo, akisikiliza. Kwa hilo inafaa kuitazama fani.

3. Msimulizi asiyejua mwisho

Serial ilianza tarehe 3 Oktoba 2014 na kumalizika tarehe 18 Desemba mwaka huohuo, ikiwa na sehemu 12. Msimulizi ni Sarah Koenig, mwandishi wa habari wa kipindi cha redio cha This American Life. Kisa ni cha kweli. Hae Min Lee, mwanafunzi wa shule ya sekondari katika eneo la Baltimore, alipotea tarehe 13 Januari 1999. Maiti yake ilipatikana mwezi uliofuata. Adnan Syed, mwanafunzi mwenzake ambaye hapo awali alikuwa mpenzi wake, alikamatwa akiwa na umri wa miaka 17. Mwaka 2000 alihukumiwa kifungo cha maisha na miaka 30 juu yake. Yeye amekana daima.

Koenig haanzi na mauaji. Anaanza na kumbukumbu: anawauliza vijana walikuwa wapi siku fulani ya wiki kadhaa zilizopita, nao wanababaika. Kwa njia hiyo msikilizaji anajipima mwenyewe kabla ya kumpima mshtakiwa. Baadaye, akitaka kujua kama safari iliyodaiwa na upande wa mashtaka ingewezekana katika dakika 21, Koenig anaingia garini pamoja na mtayarishaji mwenzake na kuiendesha njia hiyo. Msikilizaji hapewi matokeo tu. Anasikia mlio wa gari, hesabu ya dakika, na mashaka yanayobaki baada ya hesabu.

Hapa ndipo podikasti hii inapoachana na ngano. Fanani wa ngano anaujua mwisho, na mara nyingi hadhira nayo inaujua. Raha yao imo katika namna ya kuufikia. Koenig hakuujua. Sehemu za kwanza zilipokuwa zikisikilizwa, yeye bado alikuwa akitafuta mashahidi. Jumatano anaweza kumwamini Syed, Alhamisi akamshuku, na msikilizaji anayumba pamoja naye. Katika sehemu ya mwisho anasema kwamba angekuwa mmoja wa waamuzi wa baraza angepiga kura ya kumwachia, kwa kuwa ushahidi haukutosha, lakini hawezi kuapa kwamba hana hatia. Mwisho wa namna hiyo huweza kuonekana kama deni lisilolipwa. Kwa mizani ya kihakiki, huo ndio uaminifu mkubwa wa kazi hii: msimulizi amekataa kutunga jibu ambalo utafiti wake haukulitoa.

Hata hivyo, mhakiki asisahau kwamba kusita huko kumepitia mikono ya wahariri. Maneno ya Koenig, yanayosikika kama mazungumzo ya jikoni, yaliandikwa na kupangwa kabla ya kusomwa. Walter Ong, katika kitabu chake Orality and Literacy cha mwaka 1982, alieleza kwamba redio na televisheni zimeleta usimulizi wa pili, unaofanana na ule wa kale lakini wenye maandishi kama msingi wake. Serial ni mfano ulio wazi. Maandishi yamejificha ndani ya sauti, na sauti imewekwa sikioni kabisa, mahali ambapo kwa kawaida husema mtu wa karibu tu. Msikilizaji huondoka akidhani amefanya urafiki, ilhali msimulizi hamjui.

4. Asiyesikika

Sauti ya Syed inasikika kwa muda mrefu, kwa simu kutoka gerezani. Anacheka, anakasirika, anasahau. Saa za mazungumzo zinampa umbo na utu. Hae Min Lee hasikiki. Shajara yake inasomwa na mtu mwingine, na familia yake haikushiriki. Kosa hili halikutokana na nia mbaya ya mtungaji. Limezaliwa na fani yenyewe. Kazi inayoishi kwa sauti humpendelea mwenye sauti. Kwa jinsi hiyo marehemu, aliyepaswa kuwa kiini cha kisa, anageuka kuwa kitendawili, na kila wiki mamilioni ya watu wanangoja kuambiwa wategue.

Gharama ya jambo hilo ilionekana mahakamani. Mwezi Septemba 2022, hukumu ya Syed ilipokuwa karibu kufutwa, nduguye Hae alimweleza jaji kwamba kwake yeye hii si podikasti, ni maisha halisi. Hukumu ilifutwa, Syed akatoka gerezani. Mwaka 2023 mahakama ya rufani iliirudisha, kwa sababu familia ya marehemu haikupewa taarifa ya kutosha wala nafasi ya haki ya kuhudhuria, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Maryland ikakubaliana nayo. Mwezi Machi 2025 adhabu ilipunguzwa kufikia muda aliokwisha kuutumikia. Yuko huru, lakini hukumu ya hatia imebaki.

Haitakuwa haki kuilaumu Serial kwa yote hayo. Bila podikasti hiyo, ni vigumu kuamini kwamba kesi ya kijana huyo ingezungumziwa tena kwa kiasi hicho. Lakini linalostahili kutambuliwa ni hili: neno podikasti, kinywani mwa ndugu wa marehemu, lilikuwa na maana ya burudani ya watu wengine.

5. Hitimisho

Watu hupenda podikasti kwa kuwa inawangoja, inawaacha huru mikono, na zaidi ya yote inawashirikisha katika fikra ambayo haijakamilika. Sifa hizi ni za kweli, na anayekusudia kutunga podikasti kwa Kiswahili anaweza kujifunza mengi kwa Koenig: kuuliza kabla ya kuhukumu, kuonyesha njia ya utafiti pamoja na matokeo yake, kukiri mpaka wa ujuzi.

Lakini hadhira ya ngano ilikuwa na haki ya kumkatiza fanani, na katika kijiji kidogo ndugu wa marehemu aliweza kuwa miongoni mwa wasikilizaji. Fanani alipima maneno yake kwa kuwa alimwona ameketi. Msimulizi wa podikasti hamwoni mtu. Hana budi kumweka mwenyewe mbele ya kipaza sauti, na kusoma kila sentensi kama anayesikilizwa naye.