Watu wa Kufuli Tatu

Mvua ikikolea Simiyu, udongo mweusi wa mbuga hunasa tairi la pikipiki mpaka likagoma kuzunguka. Mwezeshaji wa asasi aliyetoka Bariadi alfajiri huvunja kijiti, huchokoa tope, husukuma, hupanda tena. Huko Itilima au Meatu kinamama wanamsubiri chini ya mti, katikati yao sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu, sanduku kwa wa nne.

Mfumo huu wa vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Kuueleza ni rahisi. Kuukalisha kijijini ndiyo kazi. Mwezeshaji haleti fedha, na hilo hulirudia mpaka koo likauke, maana mgeni wa asasi hutarajiwa kuja na msaada. Asiyejua kusoma humfundisha kuhesabu mihuri kitabuni: muhuri mmoja, hisa moja. Salio hutajwa kwa sauti, wote wakalikariri. Mkutano unaofuata, salio hilo huulizwa kabla fedha hazijahesabiwa. Katibu akiteleza, wanachama wote wanajua.

Pesa ya pamba huja kwa msimu. Homa ya mtoto na sare za shule hazingoji msimu; hapo ndipo sanduku husaidia.

Kikundi kikishasimama, mwezeshaji huhamia kijiji kingine. Siku ya kugawana akiba, noti zikihesabiwa mkekani, mara nyingi hayupo.

Mwalikeni.