Tembe na Slufay

Ushairi mkubwa wa Wairaqw, ambao wengi tumezoea kuwaita Wambulu, ni slufay: dua ndefu ya kuombea mvua, mifugo, uzazi na amani. Mzee mmoja huongoza, waliokaa naye humwitikia kwa pamoja. Msomi W. D. Kamera aliichunguza, ikapata nafasi yake vitabuni. Na anayetaka kuiona nyumba ya mshairi wa slufay huko Masakta, chini ya Mlima Hanang, na alitazame tembe la kale, nyumba yenye paa la udongo.

Ufundi wa tembe huanzia kwenye mteremko. Fundi huchimba ubavu wa kilima mpaka udongo wenyewe uwe ukuta wa nyuma. Husimamisha nguzo zenye panda, hulaza boriti, hupanga fito kwa kukaribiana, hutandaza majani, kisha hushindilia udongo juu. Kwa nyuma paa hukutana na ardhi, na mtu aliye mbali haoni nyumba. Zama za uvamizi wa Wamaasai, huo ulikuwa ulinzi: watu na ng'ombe walilala humo humo.

Mimi hustaajabia panda zaidi. Moja ikiwa juu kuliko nyingine, boriti huelemewa upande mmoja, na mzigo wa udongo ulioloa hautanii. Paa nalo ni karibu bapa, lakini si bapa kabisa: limeinamishwa kidogo tu, maji yateremke bila kuuchukua udongo. Kipimo hicho kimo machoni na mkononi mwa fundi.

Huko Ganako, Karatu, tembe la aina hii limejengwa upya ili vijana na wageni waingie wajionee. Hiyo ndiyo njia ya kuhifadhi ninayoiamini. Paa la udongo lisipokandikwa tena, mvua hulimaliza. Slufay nayo isipopata mwongozaji na waitikiaji, hubaki maandishi tu. Mwongozaji hodari hurithi maneno ya wazee, akayapanga upya kulingana na shida ya siku hiyo, kama fundi anavyobadilisha fito iliyooza bila kuigusa nguzo.

Kwa hiyo makumbusho ya kweli ya ushairi huu yanahitaji mafundi kuliko makabati ya vioo. Vijana wa Masakta wapewe majembe, wasimamiwe na wazee, wajifunze kupima panda na kushindilia paa. Nyumba ikishakamilika, slufay ya kwanza waiongoze wazee, waitikie waliojenga.