Orodha ya Padre Mersenne

Kitabu chapaswa kupimwa kwa yaliyomo, wala si kwa cheo cha mwandishi wake. Mwaka 1644 mtawa mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa kitabu cha Kilatini, Cogitata Physico-Mathematica. Katika dibaji yake alieleza habari za namba tasa, yaani namba zisizogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Twataka kuipima sehemu hiyo, maana ina wema wake na ina kosa lake.

Njia yake ni hii. Shika 2, uzidishe kwa 2 tena na tena, kisha utoe 1. Mbili tatu zikizidishana huleta 8. Toa 1, yabaki 7, nayo ni tasa. Mbili kumi na moja huleta 2,048. Toa 1, yabaki 2,047, nayo si tasa, kwani ni 23 mara 89. Mersenne alisema ya kwamba mpaka kufika mbili 257, idadi zifaazo ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 tu.

Twamsifu kwa kuwa aliwapa wenye hesabu kazi ya miaka mingi. Mwaka 1772 Euler alihakikisha ile ya 31, yaani 2,147,483,647. Mwaka 1876 Lucas alihakikisha ile ya 127, yenye tarakimu 39.

Lakini hatuwezi kulificha kosa. Mersenne mwenyewe alikiri ya kuwa namba ya tarakimu 15 au 20 haiwezi kujaribiwa hata kwa muda wote wa dunia. Naye papo hapo aitangaza tasa namba ya tarakimu 78, wala hatoi hoja. Basi ile ya 257 si tasa. Ile ya 67 nayo si tasa: mwaka 1903 Cole alionyesha kuwa ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Tena aliziacha 61, 89 na 107, nazo zafaa. Ile ya 61 ilihakikishwa mwaka 1883 na Pervushin, kasisi wa kijiji huko Urusi. Orodha haikumalizika kusahihishwa mpaka mwaka 1947.

Wako wasemao, “Limechapwa kitabuni, basi ni kweli.” Neno hilo twalikataa. Watu wa Beroya walimsikiliza Mtume Paulo kwa moyo, na hata hivyo walichunguza kila siku kama ndivyo yalivyo. Nao wakasifiwa kwa hayo. Kumheshimu Mersenne si kuifunika orodha yake. Basi mwalimu akiulizwa na mtoto, “Tunajuaje?”, asimkemee. Ampe ubao na chaki, wafanye hesabu pamoja, waanze na 2,047.