Mkufu wa Edan

Sanamu mbili ndogo za shaba, mwanamume na mwanamke, zilizounganishwa vichwani kwa mkufu: hiyo ndiyo edan ya Ogboni, chama cha siri cha Wayoruba wa Nigeria. Wahakiki huyasifu macho yake yaliyotutumka, kisha hunyamaza. Mkufu huonwa kuwa pambo tu, ilhali ndio wenye maana.

Katika dola ya Oyo, Alaafin hakutawala peke yake. Akipelekewa kibuyu kitupu au mayai ya kasuku na baraza la Oyo Mesi, hana budi kujiua. Baraza nalo lilichungwa na wazee wa Ogboni, wake kwa waume, walioapa kwa Ardhi. Damu ikimwagika chini, kesi ni yao. Faragha ilimwezesha mzee kumpinga mkubwa. Msomaji wa mashairi ya mwambao, aliyezoea fumbo limsemalo mtu bila kumtaja, atalitambua hilo.

Kinga hiyo haikutosha daima: Bashorun Gaha, kiongozi wa baraza, aliwaangamiza wafalme kadhaa kabla ya Abiodun kumwangusha mwaka 1774.

Leo edan nyingi zimo makumbushoni Ulaya na Marekani, baadhi mikufu imekatika.