Muziki wetu unalala mu disiki moja tu

Mu Kasulo ukitaja neno kobalti kila mutu anaangalia chini, kwa bulongo. Tangu 2014 batu balichimba mashimo mpaka ndani ya nyumba, na mu 2017 kipande cha mtaa kikazungushiwa ukuta. Tunajua kama kobalti yetu inaenda mu batri za magari na za telefone. Kitu ambacho hatusemi sana: iko pia mu disiki. Ile sanduku ndogo nyeusi yenye kamba ya USB, ndani yake kuko sahani zinazozunguka, na juu ya sahani kuko ngozi nyembamba sana ya kobalti iliyochanganywa na kromu na platini. Ni pale njo sumaku inaandika. Kijana wa Kasulo akisema iko na nyimbo elfu tano mu disiki yake, zile nyimbo zote zinalala juu ya kobalti, sawa na sisi wenyewe.

Sasa disiki ikiharibika, sikiliza namna tunaongea. "Disiki imekufa." Tunasema kama mutu amekufa: mapenzi ya Mungu, tupeane pole, tuendelee. Ama tunatukana kuran, tunatukana bidhaa ya bei ya chini, tunatukana mutoto aliyevuta kamba. Mimi sikubali ile maongezi. Disiki kuharibika haiko ajabu, ni mashini, na kila mashini inachoka. Ajabu ni kwamba muziki wa korali nzima, wa orkestra nzima, wakati mwingine wa mtaa muzima, ulikuwa fasi moja tu, na hakuna mutu aliuliza.

Tuangalie kwanza namna inakufa, juu ya hapo batu banaongopeana mingi. Sahani za disiki ya kubeba kwa kawaida zinazunguka mara 5400 kwa dakika moja. Kichwa kinachosoma hakigusi sahani, kinaelea juu yake, na nafasi iliyo katikati ni ndogo kuliko unywele mara elfu na zaidi. Ukiangusha disiki wakati inazunguka, kichwa kinaweza kugonga sahani na kukwangua ile ngozi. Hapo utasikia tik, tik, tik. Ukisikia ile sauti, zima, usiwashe tena na tena "kwa kujaribu", juu kila mara unawasha inaweza kukwangua zaidi.

Lakini mara mingi disiki haiko imeharibika vile. Kuran imekatika, ama mutu amechomoa kamba wakati faili inaandikwa, na orodha ya faili imevurugika. Kompyuta inauliza: unataka kuformata? Vijana banafinya ndiyo, juu banaona ndiyo njo inafungua. Hapana! Muziki uko pale bado. Kilichopotea ni orodha. Usiandike kitu kingine juu yake, peleka kwa mwenye kujua, kuko hata programu za bure kama PhotoRec zinazoweza kuokota faili moja moja. Na ile virusi ya fleshi inayogeuza dosie zote kuwa njia za mkato, yenyewe kwa kawaida inaficha tu faili, haizifuti. Batu ngapi balifuta muziki wao wenyewe kwa kukimbilia kuformata, njo banasema virusi imekula.

Hayo ni ya fundi. Yangu ni ya mulimaji, na nitasema kama mulimaji.

Mbegu ikiwa mu gala moja, haiko imehifadhiwa, imewekwa tu. Kituo cha ICARDA kilikuwa na benki ya mbegu pale Tel Hadya, karibu na Aleppo, mu Siria: ngano, shayiri, dengu za inchi mingi. Vita ilipofika hawakuweza tena kufanya kazi pale. Lakini mbele ya ile siku balikuwa bametuma kopi mpaka Svalbard, mu barafu ya Norwe, mu gala iliyofunguliwa 2008. Mu 2015 bakalomba mbegu zao zirudi, bakazipanda tena Lebanoni na Moroko. Haikuwa bahati. Mutu fulani alijaza karatasi, akafunga sanduku, akatuma, wakati kila kitu kilikuwa kinaenda muzuri. Na bamama zetu banajua hii zamani mbele ya Svalbard: miti ya mihogo unapatia jirani, ili shamba lako likiungua uende kulomba kwake. (Kweli, mihogo inabeba na mozaiki yake. Kopi inabeba ugonjwa pia. Angalia mbele ya kupokea.)

Muziki wa Katanga uliokolewa vile vile, lakini si na sisi. Mwenda Jean Bosco, wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mu 1952 pale Jadotville, ile tunaita leo Likasi. "Masanga" ikatoka mu sahani, ikafika Nairobi, ikafika Ulaya, wenye kupiga gitare bakaanza kujifunza namna vidole vyake viwili vinafanya kazi ya gitare mbili. Mwenda alikufa mu 1990 kwa aksida ya gari mu Zambia. Kama kanda ya "Masanga" ingekaa mu sanduku moja Likasi, leo tungekuwa na nini? Jina tu.

Najua lawama. Zile kanda na makaratasi yake ziko Afrika ya Kusini, mu maktaba ya ILAM ambayo Tracey aliianzisha mu 1954. Mutoto wa Bunkeya anaomba ruhusa kule kwa kusikia sauti ya babu yake. Na tuulize nani alikula feza, ni swali la haki. Lakini kuko kitu kimoja yule Muzungu alifanya na sisi hatufanyi: aliandika. Mwimbo gani, nani anaimba, luga gani, fasi gani, siku gani, ala gani. Sasa fungua disiki yako. "Piste 01." "Piste 01 (2)." "Mwimbo muzuri mpya." "AUD" na namba kumi na mbili. Hata disiki isipokufa, kisha miaka kumi hakuna mutu atajua ni nani anaimba. Kwangu huo ni upotevu mukubwa kuliko ule wa kichwa kugonga sahani, na fundi hana dawa yake.

Korali moja ya huku ilirekodi nyimbo kumi na mbili mu studio ya mtaa. Studio ikabakisha kila kitu kwa disiki yake: sauti moja moja, gitare, ngoma. Korali bakapata MP3 mu fleshi moja ya mwenye korali. Disiki ya studio ikaanguka, fleshi ikapotea. Nyimbo nane zilipatikana kwa telefone ya mama mumoja wa Manika, juu alikuwa anazisikiliza akipika. Nne zilizobaki, tuko na zile ambazo mutu alirekodi kwa telefone nyingine mbele ya bafle: sauti ya pili haisikiki, besi imekuwa kelele. Kopi ya faili haipunguzi kitu, hata ukipitisha kwa batu mia; kurekodi kopi kwa hewa inapunguza kila mara. Tofauti hiyo bashabiki wengi hawaijue, na mwenye studio aliyekula feza yao alipaswa kuwaelezea.

Vijana bamesoma, najua, bataniambia: weka mu intaneti, mambo imekwisha. Kwanza mega ni feza. Pili, MySpace ilikuwa mu intaneti. Mu 2019 ikasema kwamba muziki uliowekwa kati ya 2003 na 2015 umepotea wakati wa kuhamisha serveri. Magazeti bakahesabu nyimbo zaidi ya milioni 50. Zilizorudi ni karibu 490,000 hivi, na zilirudi juu bachunguzi fulani balikuwa bamezikopia mbele kwa masomo yao. Hata makampuni makubwa hayako salama: Iron Mountain, inayolinda kanda na disiki za studio za Marekani, ilisema mu 2024 kwamba kati ya disiki za miaka ya 1990 inazoletewa, karibu moja kwa tano haisomeki tena. Zile disiki zilikaa kwa kabati, kwa baridi, bila kuguswa. Sasa yako inayotembea mu mufuko mu kumbi-kumbi barabara ya Likasi?

Kwa hiyo mutu akinionyesha tera mbili za muziki akijivuna, ninauliza tu: kopi nyingine iko wapi? Mara mingi ananijibu kama vile nimemutukana.

Juma iliyopita niliuliza wenye karindula fulani, ile gitare kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi, rekodi zao ziko wapi. Jibu: "Kwa studio." Studio gani? Ile iliyofungwa. Mu 2011 nyumba ya Crammed Discs ya Bruksele ilitoa karindula ya Lubumbashi, sidi na video pamoja. Kwa hiyo karindula ya Lubumbashi iko Bruksele, "Masanga" iko Afrika ya Kusini, na ya Kolwezi iko mu disiki ya mutu aliyehama bila kuacha namba.

Sisi wa promosio yetu tuko mu Kolwezi, mu Likasi na mu Lubumbashi, na karibu kila mumoja iko na kompyuta. Mwenye disiki ya korali, ya karindula, ya orkestra ya mtaa, aandike hapa chini ni ya nani na ya mwaka gani. Faili tutakopia fasi tatu, na majina tutaandika mbele ya wazee kusahau.