Boma Lisimame Wapi?

Ukipita Bunju, Kigamboni au Chanika utayaona maboma yaliyofika lenta, hayana paa, majani yameota sebuleni. Ndivyo nyumba nyingi za Dar es Salaam zinavyojengwa: kiwanja kwanza, kisha msingi, kisha matofali, kwa kadiri mshahara unavyobakisha. Njia hii ina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba humwachia mwenye nyumba jengo lisilodaiwa na benki. Kujenga kidogo kidogo si kosa. Kosa ni kusimama popote pesa inapoishia, ilhali jengo lina vituo viwili tu vilivyo salama: baada ya jamvi, na baada ya bati.

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu yenye jumla ya mita 60 za kuta, za nje na za ndani.

Kituo cha kwanza: jamvi

Kibali cha halmashauri kikishatoka na mpima akishaonyesha bikoni, mtaro huchimbwa. Ukiwa na upana wa sentimita 60 na zege la sentimita 20 chini yake, hesabu ni 60 × 0.6 × 0.2, yaani mita za ujazo 7.2. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kila mita ya ujazo hula mifuko sita na ushei ya saruji ya kilo 50. Jumla inakaribia mifuko 46. Kina cha mtaro huamuliwa na udongo. Mfinyanzi mweusi huvimba masika na kupasuka kiangazi, kwa hiyo penye udongo huo usiige msingi wa jirani, mwite mhandisi.

Kabla ya jamvi kumwagwa, kila kitakachofukiwa kiwe mahali pake: mabomba ya maji taka, njia za waya, dawa ya mchwa, kifusi kilichoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15, na nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Rangi na vigae unaweza kuvibadilisha wakati wowote, lakini bomba lililosahaulika hapa hudai sakafu ivunjwe. Jamvi limwagiliwe maji kwa siku 7 angalau. Nguvu ya zege hupimwa siku ya 28. Likishakomaa, na maji ya mvua yakielekezwa mbali na msingi, linaweza kukungoja miaka. Nondo za nguzo zilizochomoza zifunikwe zisile kutu.

Kituo cha pili: bati

Kuanzia hapo, kuta, lenta na paa ni kazi moja. Ukuta wa tofali la inchi 6 ni mwembamba. Lenta na paa ndivyo vinavyoushika kichwani. Ukiachwa wazi, maji huingilia juu, hupenya kwenye maungio na kulainisha mota hafifu. Fundi akirudi baada ya misimu kadhaa, mara nyingi huanza kwa kubomoa kozi za juu.

Kuta za kimo cha mita 3 zina mita za mraba 180. Toa 25 za milango na madirisha, zibaki 155. Kila mita ya mraba inahitaji matofali kama 10, hivyo ni 1,550, na ukijumlisha ya kuvunjika yanafika 1,630. Lenta inayozunguka nyumba nzima, yenye upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 20, ni mita za ujazo 1.8: mifuko kama 12 ya saruji, na nondo 22 za milimita 12 zikilazwa nne nne, mbali na ringi. Anayebana matumizi huiweka juu ya milango na madirisha tu. Anaokoa mifuko michache na kupoteza kitu pekee kinachozifunga kuta zote pamoja.

Kwa hiyo kipindi cha kungoja kitumike kukusanya. Matofali yafyatuliwe mapema na kumwagiliwa vizuri; nondo ziwekwe pakavu. Saruji isinunuliwe ya akiba, kwa kuwa miezi mitatu stoo inatosha kuipunguzia nguvu. Kuta zikianza Juni, masika yakiwa yamepita, kuna nafasi ya kupaua kabla ya vuli ya Oktoba.

Na kama pesa ya mbao na bati haionekani? Basi kozi ya kwanza isilazwe, ramani irudishwe mezani. Mchoraji aigawe nyumba ili jiko, choo na vyumba viwili vipate paa lao kamili, na upande wa pili ubaki jamvi. Familia ikihamia humo, kodi iliyokuwa ikienda kwa mwenye nyumba kila mwezi ndiyo itakayonunua matofali ya upande uliobaki.